Filta ya Oili Isiyofikika: Jinsi Tunavyoibadilisha Wenyewe Nyumbani



Baadhi yenu mnalijua gari la kikundi chetu cha akiba, ile Hilux yenye injini ya petroli ya 22R ambayo wanachama wa tawi letu katika mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda walichangia kuinunua. Tulipoinunua ilikuwa imekwisha kutumika miaka mingi, lakini injini yake ilikuwa nzima. Mchana inachukua mahindi na kuni za wanachama, usiku inachukua wagonjwa. Ndiyo sababu tulipoamua kuandika habari ya filta ya oili hatukuona kwamba ni jambo dogo la kuwaachia mafundi peke yao.

Usiku mmoja wa mvua gari hili lilikuwa na mama mjamzito nyuma, pamoja na mama mkwe wake na mkunga, likielekea hospitali. Njiani mshale wa joto ukapanda. Dereva wetu ni mtu mwangalifu, akazima injini mara moja. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili akakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji ya rejeta yalikuwa yameingia ndani ya injini. Walikaa barabarani zaidi ya saa moja mpaka likapita lori la majani mabichi likawachukua. Tunashukuru kwamba mama alifika salama na mtoto akazaliwa alfajiri. Gari lilivutwa kwa kamba siku ya pili.

Injini ilipofunguliwa tulionyeshwa kwamba cheni ya taimingi imekula kifuniko chake mpaka ikatoboa njia ya maji. Tena tulionyeshwa jambo la pili lililotuuma zaidi. Filta ya oili iliyokuwa kwenye injini ilikuwa nyeusi, yenye kutu, na imekwaruzwa na mawe. Mweka hazina wetu alikuwa amenunua filta mpya mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, zote za rangi ya machungwa, na kila mara alikuwa amelipa ufundi wa kuzifunga. Hakuna hata moja iliyofungwa.

Hatusemi kwamba mafundi wote ni wezi. Fundi wa kijijini analipwa kwa gari, halipwi kwa saa. Kumwaga oili ni kazi ya dakika kumi, lakini filta ya injini hii inaweza kumla saa nzima, na mwenye gari akiwa amesimama hapo hawezi kuona kama imebadilishwa au haikubadilishwa. Kazi ngumu, isiyoonekana, isiyolipwa zaidi: sisi tunaofanya kazi ya kilo na ya kipande tunajua mambo kama hayo huishia wapi. Basi tuliamua kujifunza kuifanya wenyewe, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Filta inafanya nini

Ndani ya injini vyuma havigusani. Kati ya krankshafti na beringi zake kuna utando mwembamba sana wa oili unaosukumwa kwa nguvu na pampu. Vumbi la barabara, masizi ya petroli na vipande vya chuma visivyoonekana kwa macho vikiingia katika utando ule hufanya kazi ya msasa. Magari ya mwanzo hayakuwa na filta. Oili ilichakaa upesi na watu waliimwaga mara kwa mara. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, waliomba hataza ya filta ya oili ya magari. Hii filta ya kopo inayofungwa kwa kuzungushwa na kutupwa ikichoka ilikuja baadaye, katika miaka ya 1950.

Ukilipasua kopo la zamani kwa msumeno wa chuma (tulifanya hivyo mbele ya mkutano, na hakuna hotuba iliyosikilizwa kwa makini kama msumeno ule) utaona karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi kama sketi ya shule. Oili huingia kupitia matundu madogo ya pembeni, hupita katika karatasi, na kutoka katika tundu kubwa la katikati. Uchafu hubaki kwenye karatasi. Hilo ni rahisi kulielewa. Lakini ndani ya kopo mna vitu vingine viwili ambavyo wengi hawavijui, na ndivyo vilivyotuletea hasara.

Cha kwanza ni vali ya dharura. Karatasi ikiziba kabisa, oili haiwezi kupita. Injini isiyopata oili hufa kwa dakika chache, kwa hiyo watengenezaji wameweka kijilango chenye springi. Katika magari mengine kiko ndani ya filta, katika mengine kiko kwenye injini yenyewe. Msukumo ukizidi, kijilango hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Hapo taa ya oili haiwaki, sauti haibadiliki, dereva haoni kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea na filta iliyokufa kwa mwaka mzima akidhani mambo ni mazuri. Injini yake inakunywa uchafu wake yenyewe.

Cha pili ni kipande cha mpira laini kinachofunika yale matundu ya pembeni kwa ndani. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Katika magari ambayo filta imesimama wima, mdomo ukiwa juu, mpira huu hauna kazi kubwa. Lakini katika 22R filta imelala ubavu. Mpira ukikauka na kukakamaa, au ukiwa haumo kabisa kama ilivyo katika filta za bandia, oili yote hushuka usiku. Asubuhi unapowasha injini, pampu lazima ijaze filta kwanza ndipo isukume oili mbele. Kwa sekunde kadhaa injini huzunguka ikiwa kavu.

Sasa tazameni jinsi jambo hili linavyoungana na ile cheni. Cheni ya taimingi ya 22R hukazwa na kifaa kinachosukumwa na nguvu ya oili. Oili isipofika, cheni hulegea na kupigapiga. Pembeni mwa cheni kuna vipande vya kuiongoza, na katika injini nyingi za aina hii, tangu miaka ya 1980, vipande hivyo ni vya plastiki. Plastiki ya zamani ikipigwa kila asubuhi huvunjika. Ikivunjika, cheni hugusa kifuniko cha aluminiamu na kukila kidogo kidogo, na nyuma ya kifuniko kuna njia ya maji. Ule mlio wa kelele za cheni tuliokuwa tukiusikia asubuhi, ambao dereva alituambia na sisi tukamjibu kwamba gari ni zee, ndio uliokuwa ukituita.

Hatuwezi kuapa kwamba filta peke yake iliivunja plastiki. Uzee nao ulikuwa na sehemu yake. Lakini gharama ya filta tatu, hata pamoja na ufundi, haikufika sehemu ndogo ya gharama ya cheni, kifuniko, gasketi na kazi ya siku nne.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Hapa tutakaa kidogo, na yeyote atakayeona tunarudia maneno avumilie.

Jeki ni chombo cha kunyanyulia gari, si cha kulishikilia. Mpira wa ndani ya jeki ya majimaji ukipasuka, gari hushuka papo hapo. Jeki ya skrubu nayo huteleza gari likisukumwa hata kidogo, na kufungua filta iliyokaza ni kusukuma gari. Kwa hiyo gari linyanyuliwe kwa jeki, kisha likalishwe juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya chesisi, ndipo mtu aweke mwili wake chini. Asiyekuwa na stendi atumie magogo mazito ya mti mgumu yaliyokatwa bapa na kupangwa kwa kupishana, mawili hivi, mawili hivi. Asitumie matofali wala bloku za saruji. Bloku inaonekana ngumu, lakini ikibebeshwa uzito mahali pamoja hupasuka yote mara moja bila kutoa onyo. Gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya chesisi. Kama lolote likiharibika, gari litaangukia gurudumu na si kifua cha mtu.

Mahali pawe tambarare na pagumu. Udongo wa shamba baada ya mvua haufai. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe. Halafu lisukumeni gari kwa bega. Kama linacheza, lishusheni muanze tena. Wala asifanye mtu kazi hii peke yake nyumbani wakati watu wote wamekwenda shamba. Watoto wakae mbali.

Injini iwe na uvuguvugu tu. Oili ya moto kabisa huunguza ngozi, na oili baridi haitoki yote. Sisi huwasha injini dakika tano, tunazima, tunakunywa chai, ndipo tunaanza.

Mkono unapita wapi

Filta ya 22R imejificha ubavuni mwa injini, chini ya manifoldi inayoingiza hewa, juu ya stata. Ukifungua boneti na kutazama kutoka juu huioni, au unaona ukingo wake tu. Ukilala chini unaiona, lakini mkono hauna nafasi ya kuzunguka. Hapo ndipo fundi anapokata tamaa. Njia ni ya ubavuni, katika uwazi wa gurudumu la mbele la upande ule ule wa filta. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, linyanyue, likalishe juu ya stendi, toa gurudumu. Utaona pazia la mpira linalozuia matope. Likunje au litoe, na filta itakuwa mbele ya uso wako. Katika Hilux zilizo juu, mtu mwenye mkono mwembamba anaweza kufika kwa kukata usukani tu bila kutoa gurudumu. Katika tawi letu kazi hiyo tumempa dada mmoja wa kiwanda cha kukausha chai, naye huimaliza sisi wengine tukiwa bado tunatafuta spana.

Anza na oili. Kabla gari halijanyanyuliwa ubavu, weka beseni chini ya sampu na fungua nati ya kumwagia; katika Toyota nyingi ni spana ya 14. Hakikisha ni nati ya injini, si ya gia boksi. Mtu mmoja tunayemfahamu alimwaga oili ya gia boksi, akajaza injini oili juu ya oili, na akashangaa kwa nini gari linavuja na kutoa moshi. Izungushe nati kwa vidole mwishoni huku ukiisukuma ndani, kisha ivute upesi pembeni ili oili isipite juu ya mkono wako. Acha itiririke mpaka ibaki matone. Safisha nati, tazama waya na gasketi yake, irudishe na uikaze kwa spana fupi. Sampu nyingi zimeharibika kwa sababu ya bomba refu lililotiwa kwenye spana.

Sasa filta. Stata iko chini yake, na oili itakayomwagika itaidondokea. Ifunike kwa mfuko wa nailoni au kipande cha bati kilichokunjwa kama mfereji, ili oili iende kwenye beseni. Ukilitazama kopo kutoka upande wa kitako chake, linafunguka kinyume cha mwendo wa saa. Hili tunalisema kwa sababu mtu aliyelala chali na kupeleka mkono kwa nyuma hupotewa na kulia na kushoto, na badala ya kufungua hukaza. Andika mshale kwa chaki juu ya kopo kabla ya kuanza.

Kama ilifungwa vizuri, mkono mkavu wenye kitambaa unatosha. Mara nyingi haitoshi. Jaribu kwanza kipande cha msasa kilichozungushiwa kopo, upande wenye mchanga ukigusa kopo, kinashika ajabu. Kisha spana ya mkanda au ya cheni. Mahali penye nafasi finyu kama hapa, kilicho bora ni kile kikombe cha chuma kinachovaa kitako cha filta na kuzungushwa kwa soketi yenye kiungo kirefu. Kikundi kinunue kimoja, kinakaa miaka. Chukueni filta yenu dukani mkapime, maana vikombe ni vya saizi mbalimbali. Asiyekuwa na kitu anaweza kutumia mkanda wa zamani wa suruali na kipande cha mti: mkanda unazungushwa kopo, mti unausokota mpaka ubane.

Ile njia ya kutoboa kopo kwa bisibisi na nyundo na kulizungusha tunaijua, na tumeitumia mara moja. Bati lilichanika kama karatasi, kikabaki kile kitako cha chuma kimeshikilia injini, na tukakitoa kwa patasi baada ya jasho la saa mbili. Iwe njia ya mwisho kabisa, na mtoboe karibu na kitako cha upande wa injini, mahali penye bati nene, mkiangalia sana nguzo yenye waya iliyo katikati isiguswe.

Kopo likilegea, lizungushe polepole na uliache lidondoshe oili kabla ya kulivuta. Ukilivika mfuko wa nailoni kabla ya robo ya mwisho, utaokoa stata yako na mkono wako.

Mpira uliobaki nyuma

Filta ikiisha kutoka, usifurahi. Tazama mdomo wake. Je, mpira wa duara upo? Kama haupo, umebaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, kutakuwa na mipira miwili, na mipira miwili haishiki. Sisi tulipojifunza mara ya kwanza tulifanya kosa hili hili. Tuliwasha injini tukiwa tumesimama tunapiga makofi, na kwa muda mfupi tu oili yote mpya ilikuwa juu ya majani ya uani, na mwenye nyumba hajatusamehe mpaka leo. Bahati dereva alikuwa akiangalia taa. Tulipoteza zaidi ya lita nne za oili, lakini injini ilipona. Kwa hiyo pitisha kidole kuzunguka kitako cha injini, kibandue kilichobaki, na upanguse kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Mahali pasipoonekana, tumia kioo kidogo cha kunyolea.

Ulinganishe filta mpya na ya zamani zikiwa mkononi: upana wa mpira, waya wa tundu la katikati, kimo. Ingiza kidole katika matundu madogo ya filta mpya. Unapaswa kugusa ule mpira laini unaokubali kusukumwa. Kama hakuna, au ni plastiki ngumu, irudishe dukani hata kama boksi lake lina maandishi mazuri. Filta za bandia hupakwa rangi na kuandikwa majina ya watu wakubwa.

Paka mpira wa filta mpya oili safi kwa kidole. Filta inayosimama wima ijaze oili kabla ya kuifunga. Hii ya kulala itamwagika, basi tia kidogo tu ilowanishe karatasi. Ianzishe kwa mkono taratibu mpaka waya ushike bila kulazimishwa. Ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono tu. Ile chaki uliyochorea mshale sasa itakusaidia kuhesabu. Anayekaza kwa spana leo anamtesa atakayeifungua baada ya miezi michache, na mara nyingi atakuwa yeye mwenyewe.

Rudisha gurudumu, shusha gari, jaza oili. Injini hii inachukua lita nne na kitu, lakini msiamini namba, aminini kijiti. Kwa injini ya zamani katika nchi zetu za joto oili ya 20W-50 inafaa. Nunueni kopo ambalo mfuniko wake haujafunguliwa, kwa kuwa oili iliyotumika huchujwa na kurudishwa sokoni katika makopo safi. Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izimike katika sekunde chache, isipozimika, zima. Mtu mmoja atazame filta kwa tochi wakati injini inaunguruma. Kisha zima, subiri dakika kumi, pima tena na uongeze panapohitajika, maana filta mpya imekunywa oili.

Andika tarehe na kilomita juu ya filta yenyewe kwa rangi au kalamu ya wino mzito, na katika kitabu cha gari. Sisi tumeweka utaratibu kwamba hata kazi ikifanywa na fundi, filta ya zamani lazima iletwe kwa mweka hazina, yenye maandishi yetu, ndipo malipo yatoke. Fundi mmoja alicheka. Wa pili alisema ni vizuri, maana sasa ataweza kudai malipo ya kazi ngumu kama kazi ngumu, na tukamwongezea. Kwa barabara zetu za murramu tunabadilisha kila kilomita 5,000, na wakati wa kiangazi chenye vumbi jingi hatungoji hata zifike.

Oili chafu na ngozi yako

Jambo hili linatuhusu sisi wafanyakazi zaidi kuliko gari. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wasokota nyuzi walikuwa wakiinama juu ya mashine zilizorusha oili ya madini kwenye suruali zao siku baada ya siku, miaka mingi. Wengi walipata kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani. Madaktari Southam na Wilson wa Manchester waliandika habari hiyo mwaka 1922, wafanyakazi wakapiga kelele, kamati zikakaa, na kanuni za serikali za kulazimisha matumizi ya oili iliyosafishwa vizuri zaidi katika mashine zile zilitoka mwaka 1953. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Oili iliyotumika katika injini ni chafu kuliko oili mpya, kwa sababu imebeba masizi ya mafuta yaliyoungua. Kuigusa mara moja hakumuui mtu. Hatari ni ya yule anayeigusa kila siku: fundi, mpaka oili wa kiwandani, kijana wa gereji. Vaeni glavu za mpira au hata mifuko ya nailoni mikononi. Oshani kwa sabuni, si kwa petroli, ambayo huiondoa ngozi mafuta yake na kufungua njia. Na kile kitambaa chenye oili msikitie mfukoni mwa suruali. Kinagusa mahali pale pale palipowaumiza wale wasokota nyuzi. Wengine hujipaka oili chafu miguuni kuzuia siafu, au huwapaka ng'ombe vidonda. Tunawaomba waache.

Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala mfereji wa shamba. Sisi tunaitia katika jerikeni iliyoandikwa SI YA KUPIKIA, na ikijaa tunaipeleka kituo cha petroli kinachoipokea. Filta ya zamani huning'inizwa usiku mmoja juu ya beseni, mdomo ukiwa chini.

Neno la mwisho ni kwa wenzetu wanaoamriwa kufanya kazi hii katika magari na trekta za mwajiri. Pale si nyumbani kwako, na gharama ya stendi na glavu si yako. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981, ambao mwaka 2022 uliingizwa katika mikataba ya msingi ya shirika hilo, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa ya papo hapo, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe. Dereva akiambiwa aingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, amwite mwakilishi wa tawi kabla ya kulala chini.

Wenye Hilux za dizeli, na wenye HiAce ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, wasitafute filta mahali tulipopataja hapa. Mambo ya jeki, mpira, chaki na robo tatu ni yale yale, lakini njia ya mkono ni nyingine. Walete magari yao Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada, uani kwa katibu wa tawi. Kikombe cha filta kipo. Kila mmoja aje na beseni lake, kwa kuwa la katibu limekwisha kutoboka.